Mwarobaini na kivumbasha: silaha tuliyoitupa katika vita dhidi ya mbu

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Lau methali hii ingalitungwa katika kisiwa cha Mombasa, isingalikosa ushahidi. Miarobaini imejipanga kandokando ya barabara zetu na ndani ya nyua za shule, misikiti na makanisa. Nyuma ya nyumba nyingi kuna shina la mchaichai, na mrihani haukosekani penye watu wajuao thamani ya kikuba. Nazi hatuzihesabu. Hata hivyo, jua likichwa, mkono wa kila mmoja wetu hunyooka dukani kutafuta koili ya mbu au mkebe wa dawa ya kupuliza, na yule asiyekuwa na pesa hukaa akijipiga makofi hadi usingizi umchukue.

Nakusudia katika makala haya kuitetea hoja moja: kwamba mafuta yatokanayo na mimea yetu yana nafasi ya haki katika vita dhidi ya mbu, nafasi isiyostahili kubezwa wala kutukuzwa kupita kiasi. Wapo wanaoyabeza kwa kuwa yalitumiwa na nyanya zetu, nao huona kila cha nyanya kuwa ni ujinga. Wapo pia wanaoyatukuza kwa sababu hiyo hiyo, nao huona kila cha mti kuwa ni salama. Makundi haya mawili yote yanatudhuru, na wanaodhurika zaidi ni watoto tunaowafundisha.

Ghala la maneno

Msomaji ana haki ya kuniuliza: mwanaisimu ana nini na mbu? Mimi si mwanakemia wala si tabibu. Jibu langu ni kwamba lugha ni ghala, na watu huhifadhi humo mambo waliyoyajua kabla ya kuja kwa maabara.

Chukua mfano wa neno lenyewe, mbu. Mwaka 1898 Robert Koch, mwanasayansi mashuhuri wa Kijerumani, aliandika kuhusu wakazi wa milima ya Usambara walioshikwa na homa kila waliposhuka bondeni. Homa hiyo waliiita mbu, jina lile lile la mdudu, kwa kuwa walishikilia kwamba huko bondeni kuna wadudu hao ambao huwauma na kuwaambukiza. Ronald Ross alikuwa amevumbua vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu mwezi Agosti mwaka 1897 tu, kule India. Kwa hivyo, wakati Ulaya ilipokuwa bado ikibishana kuhusu hewa mbaya, na neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano lenye maana hiyo ya hewa mbaya, wakulima wa Usambara walikuwa wamekwisha kuitia nadharia yao yote katika neno moja la silabi mbili.

Mfano wa pili ni kidingapopo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika katika jarida la utabibu la Uingereza mwaka 1872 kuhusu maradhi yaliyoenea kisiwani mwaka 1870, ambayo Waswahili waliyaita kidinga pepo na ambayo wazee waliyakumbuka kutoka mwaka 1823. Baadhi ya wataalamu hulinasibisha neno dengue, ambalo leo limeenea ulimwengu mzima, na neno letu hili. Ndugu yake, chikungunya, amepata jina kutoka Kimakonde, kwa maana ya kujikunja, kwa sababu ya maumivu ya viungo. Alitambuliwa katika mkurupuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Na kule Uganda mwaka 1959 Waacholi waliupa ulimwengu jina la onyong'nyong. Ama kwa hakika, Afrika ya Mashariki imeyapa majina maradhi ya mbu kuliko ilivyopewa dawa zake.

Ikiwa maneno yamehifadhi elimu ya maradhi, je, hayakuhifadhi elimu ya kinga? Swali hilo ndilo linalonipeleka Mbaraki mara kwa mara pamoja na wanafunzi wangu wa leksikografia. Mbaraki ni mahali pa ajabu. Pana mnara wa kale wa matumbawe, ambapo kwa vizazi vingi watu wamefika na ubani na marashi ya waridi, na hapo karibu pana maghala makubwa na gati la kupakulia meli. Uzee na biashara vinapigana bega kwa bega. Sisi huenda kukusanya majina ya mimea na ya vyombo kabla hayajazama.

Safari moja tulimkuta bibi mmoja mtu mzima amekaa barazani, na kando yake kuna kopo lililootesha mmea wenye majani madogo na harufu kali. Wanafunzi wangu, vijana wa miaka ishirini na ushei, waliuita majani ya mbu, hawakuwa na jina jingine. Baada ya kuamkiwa na kuitikia marahaba, bibi alitusahihisha.

"Wanangu, hichi ni kivumbasha. Zamani kitanda hakikutandikwa bila hichi mvunguni."

Kisha akatueleza namna tatu za kukitumia, kila namna na kitenzi chake. Kibichi hutiwa mvunguni au huoteshwa mlangoni. Majani hupikichwa mkononi pamoja na mafuta ya nazi, kisha mtu akajipaka. Na jioni hufukizwa. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba huchomwa, bibi akamkatiza: "Sikusema kuchoma, mwanangu. Ukichoma wapata moshi. Ukifukiza wapata harufu." Sikio la Mswahili halikosi kusikia katika kivumbasha mwangwi wa vumba, yaani harufu kali, na wa uvumba, yaani ubani.

Sasa sikiliza sayansi inavyosema. Mwaka 2002 Aklilu Seyoum na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya magharibi mwa Kenya kwa kutumia mbu wa malaria katika vibanda maalumu. Walipima mimea hai iliyopandwa katika vyungu. Walipima pia, kila moja peke yake, njia ya kuyapasha majani moto hadi yatoe harufu na njia ya kuyachoma hasa. Tofauti ile ile aliyoitaja bibi wa Mbaraki kwa vitenzi viwili, wao waliitaja kwa istilahi ndefu za Kiingereza. Mmoja kati ya mimea ya jamii ya kivumbasha, ukiwa hai ndani ya chungu, ulifukuza takriban asilimia 40 ya mbu. Asilimia 40 si haba kwa mmea usiogharimu shilingi. Lakini pia si mia, na mbu mmoja mwenye vijidudu anatosha kumlaza mtoto hospitalini. Katika idadi hiyo moja umo ukweli wote ninaotaka kuueleza.

Ukiona vyaelea

Wanaobeza mitishamba husahau kwamba silaha kubwa kabisa tuliyo nayo leo dhidi ya malaria ina asili ya ua. Ua hilo ni pareto, ambalo nyanda zetu za juu zimelilima tangu enzi za ukoloni, na ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza ulimwengu katika kulizalisha. Kule Japani mfanyabiashara Eiichiro Ueyama alitengeneza udi wa pareto wa kufukuza mbu mwishoni mwa karne ya 19. Inasemekana mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza usokotwe kama nyoka ili uwake usiku kucha. Koili tunayoiwasha mvunguni ilizaliwa hivyo.

Baadaye wanakemia waliichunguza sumu ya pareto, wakaiga muundo wake na kutengeneza ndugu zake wa viwandani, mathalani pamethrini. Dawa hiyo ilitiwa katika vyandarua vilivyojaribiwa hapa hapa pwani, Kilifi, kuanzia mwaka 1993. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ukiona vyaelea vimeundwa. Chandarua kilichookoa maisha ya watoto wa Kilifi kiliundwa kwa akili iliyoanza kwa kuliheshimu ua na ikaishia kulipima.

Tatizo ni kwamba mbu naye ni mwanafunzi mwerevu. Katika sehemu nyingi za Afrika amekwisha kuizoea sumu ya jamii hiyo, na wataalamu wanatafuta silaha za ziada. Hapo ndipo mwarobaini unapoingia.

Mti huu si wa asili yetu. Ulitoka Bara Hindi, na umekuwa mwenyeji wa pwani kwa muda wa karne moja hivi. Wapwani waliupa jina lililo nusu sarufi na nusu tangazo la biashara: kiambishi cha miti, kisha hesabu ya magonjwa arobaini. Wengine huuita mkilifi. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudani wakati nzige walipovamia. Waliitafuna miti yote wakauacha mwarobaini. Mwaka 1968 wanakemia wa Uingereza waliitenga dutu inayowazuia nzige kula, wakaiita azadirakitini. Dutu hiyo ni tata mno, hata Profesa Steven Ley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walihitaji miaka 22 kabla ya kufaulu kuitengeneza maabarani mwaka 2007. Mti ulio nje ya dirisha la darasa huitengeneza kila msimu bila kelele.

Azadirakitini haimuui mdudu papo hapo. Huvuruga homoni zinazomwezesha kujibadili umbo, hivyo kiluwiluwi hubaki kiluwiluwi hadi afe, asiwahi kuota mbawa. Mwaka huo huo wa 2007 Mtanzania Fredros Okumu pamoja na wenzake walichapisha majaribio ya mafuta ya mwarobaini juu ya viluwiluwi wa mbu wa malaria. Kipimo cha sehemu 11 katika milioni moja ya maji kiliwaua nusu ya viluwiluwi katika muda wa siku 8. Sehemu 11 katika milioni ni kama vijiko viwili vya chai katika pipa la lita elfu moja.

Kuna faida nyingine. Mwaka 1995 watafiti Feng na Isman walionyesha kwamba vidukari waliolishwa azadirakitini tupu kwa vizazi 40 waliizoea, ilhali wale waliopewa mchujo wa mbegu nzima, wenye viambato vingi pamoja, hawakuzoea. Mti una akili ya kutoweka yai moja katika kikapu chake. Waama, hilo ni somo kwa sisi tunaotegemea dawa moja hadi ikatutoka.

Mafuta si mamoja

Hapa sina budi kuvaa joho langu la isimu tena, kwa kuwa lugha yetu, iliyotusaidia kutofautisha kufukiza na kuchoma, inatupoteza katika neno mafuta. Tunasema mafuta ya nazi, mafuta ya mwarobaini, mafuta ya karafuu na mafuta ya taa, kana kwamba vyote ni ndugu wa tumbo moja. La hasha.

Kuna mafuta ya kukamua, kama ya nazi na ya mbegu za mwarobaini. Haya ni mazito na hayaruki hewani upesi. Kuna mafuta ya kukeneka, yaani yale yanayopatikana kwa kuchemsha majani au maua na kuutonesha mvuke wake, kama yanavyofanya mafuta ya makonyo ya karafuu katika kiwanda cha Chake Chake, Pemba. Haya ni mepesi, hunukia sana na huruka upesi. Na mafuta ya taa hayatoki katika mti wowote, bali ardhini. Waliokuwa wakiyamwaga juu ya madimbwi zamani walikuwa wakiwaziba viluwiluwi pumzi, wakiyachafua na maji papo hapo.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini mtu hujipaka maji ya mchaichai magharibi akajikuta analiwa kabla ya isha. Harufu inayomkimbiza mbu ni ile ile inayoruka hewani. Ikisha kuruka, imekwisha. Mwaka 2002 Mark Fradin na Jonathan Day walichapisha Marekani matokeo ya kupima dawa mbalimbali za kujipaka. Zile zilizotengenezwa kwa sitronela, jamaa wa mchaichai wetu, hazikufikisha dakika 20. Ile ya mafuta ya soya ilifikisha saa moja na nusu hivi. Dawa ya viwandani iitwayo DEET, yenye nguvu ya takriban asilimia 24, ilifikisha saa 5.

Basi hekima ya kuchanganya majani na mafuta ya nazi haikuwa ya urembo. Mafuta mazito huyashika yale mepesi yasikimbie. Mwaka 1993 V. P. Sharma na wenzake nchini India walieleza kwamba mafuta ya mwarobaini kiasi cha asilimia 2 yakichanganywa na mafuta ya nazi yaliwakinga watu waliojitolea na mbu wa jamii ya Anofelesi kwa saa 12. Si majaribio yote yaliyoleta matokeo mazuri kiasi hicho, lakini kanuni yenyewe imesimama. Kadhalika dutu inayopatikana katika mkaratusi wa limau, ikisha kusafishwa viwandani, imekubaliwa na wakuu wa afya wa Marekani kuwa kinga halali, kwa sharti kwamba isipakwe watoto walio chini ya umri wa miaka mitatu.

Sharti hilo latuleta kwa kundi la pili, la wanaotukuza. Mpenzi msomaji, neno asilia si cheti cha usalama. Tumbaku ni asilia. Sumu ya pareto ni asilia, nayo huua samaki. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walioshikwa na maradhi mabaya ya ubongo na ini baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ngozi. Hata moshi wa koili, ambao wengi huulalia, si mchezo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba koili moja hutoa chembechembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Tumlaumu mvuta sigara, kisha tumfungie mtoto mchanga chumbani na koili?

Fauka ya hayo, barabarani siku hizi huuzwa chupa zisizo na jina la mtengenezaji wala kipimo, zikidaiwa kutibu kila kitu kuanzia mbu hadi husuda. Sheria ya Kenya imeipa bodi maalumu kazi ya kusajili kila dawa ya kuulia wadudu tangu miaka ya 1980. Muuzaji anayesema kwamba dawa yake ni ya babu na kwa hiyo haihitaji kupimwa anamtukana babu mwenyewe, ambaye alipima maisha yake yote.

Mbu wa mchana

Wapo watakaosema: tuna vyandarua, basi mafuta ya nini? Jibu limo katika tabia za mbu wa Mombasa, ambao si wa namna moja.

Yupo Anofelesi, mwenyeji wa maji yaliyotuama ya mvua na vinamasi, anayeuma usiku na kuleta malaria. Chandarua ni chake. Yupo Kuleksi, mzaliwa wa mashimo ya vyoo na majitaka, anayetuimbia masikioni usiku na anayeeneza matende na busha. Huyu adui wake ni kufunika mashimo. Makunduchi, Unguja, kuanzia mwaka 1988, punje za plastiki zinazoelea zilimwagwa katika vyoo vya shimo hadi zikafunika maji yote, na mbu wakapungua mno. Kisha yupo Edesi, mwenye madoa meupe miguuni, anayezaliwa katika maji safi ya ndoo, matangi, magurudumu ya magari yaliyotupwa na makopo. Huyu huuma mchana. Yeye ndiye mchukuzi wa kidingapopo na chikungunya.

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ikaingia Mombasa mwaka huo huo, na ikarudi tena mwishoni mwa mwaka 2017. Katikati ya mikurupuko hiyo, mwaka 2013, kidingapopo kiliitikisa Mombasa. Katika mtaa wa Tudor, asilimia 13 ya waliopimwa walikutwa na dalili za maambukizi katika damu zao.

Je, chandarua kitamfaa nini mtoto anayeumwa saa nne asubuhi akiwa kwenye dawati? Kitamfaa nini kuli wa Mbaraki anayebeba magunia mchana kutwa? Hapa ndipo mahali hasa pa mafuta ya mimea. Ngozi inayopakwa asubuhi na kurudiwa wakati wa mapumziko, na maji yasiyo ya kunywa yanayotiwa mwarobaini kabla viluwiluwi hawajaota mbawa, ni kinga mbili zinazoweza kuliziba pengo ambalo chandarua hakiwezi kuliziba. Sisemi tukunje vyandarua. Anayeacha chandarua kwa sababu amejipaka kivumbasha anacheza na roho. Nasema kinga zisaidiane, kila moja kwa zamu yake.

Wazee wetu walilijua hili la kusaidiana. Katika nyumba za kale za Waswahili, Lamu na kwingineko, ndani ya birika la maji walifugwa visamaki vya kula viluwiluwi, na chini ya birika lilijengewa bakuli la kaure ili maji yanapopungua visamaki visife. Mvunguni kivumbasha, birikani samaki, jioni mafusho. Huo ulikuwa mpango kamili, hata kama hakuna aliyeuandikia ripoti.

La kufanya

Naja sasa kwa walimu wenzangu na wanafunzi, maana hao ndio nilionuia kuzungumza nao.

Kwanza, tuondoe ukuta uliopo kati ya chumba cha walimu wa Kiswahili na chumba cha walimu wa sayansi. Mwanafunzi apewe kazi moja inayosahihishwa na walimu wawili. Aende nyumbani akamuulize bibi yake jina la mmea, namna ya kuutumia na kitenzi kinachotumika, aandike kwa Kiswahili sanifu, kisha aupime. Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Twaa chupa tatu zenye viluwiluwi kumikumi. Ya kwanza iwe na maji matupu. Ya pili itiwe mafuta kidogo ya nazi. Ya tatu itiwe maji ya mbegu za mwarobaini zilizokaushwa, zikatwangwa na kulowekwa usiku kucha. Funika midomo yote kwa kitambaa cha chandarua ili pasitoroke mbu hata mmoja. Hesabu kila siku kwa siku kumi. Chupa ya pili itamfunza mwanafunzi habari za kuziba pumzi, ya tatu itamfunza habari za homoni, na ya kwanza itamfunza jambo kubwa kuliko yote mawili, kwamba dai lisilo na kitu cha kulinganishwa nacho si ushahidi.

Pili, vyuo vikuu vyetu vichapishe kwa Kiswahili. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi ya kupigiwa mfano. Wakulima wa Muliru, karibu na msitu wa Kakamega, walisaidiwa kulima jamii mojawapo ya kivumbasha na kutengeneza marhamu iitwayo Naturub, nao wakatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010. Lakini ni mwalimu gani wa Likoni aliyewahi kuyasoma hayo katika lugha anayofundishia watoto wake? Elimu iliyotoka vinywani mwa akina bibi kwa Kiswahili huenda majaridani kwa Kiingereza, isirudi tena barazani.

Tatu, tuandike tunachokijua kabla hakijaandikwa na wengine kuwa chao. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa idara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza juu ya namna ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea, jambo ambalo Wahindi waliliona kuwa ni mali yao ya kale. Vandana Shiva na wenzake walipinga. Hataza ikabatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kesi ilidumu takriban miaka kumi, na silaha ya wapingaji ilikuwa ushahidi wa matumizi ya awali. Sisi, tukiulizwa kesho ushahidi wa kivumbasha, tutaonyesha nini? Neno lililosalia katika kamusi, na vijana waliouita mmea huo majani ya mbu?

Neno likifa, haliendi peke yake. Kufukiza kukimezwa na kuchoma, tumepoteza kitenzi na tumepoteza pia njia ya kuitumia harufu bila kuvuta moshi. Kivumbasha kikisahauliwa, hakuna atakayejua ni mche upi wa kupeleka maabarani. Miti tunayo tele, hapa Mbaraki na kote pwani. Wajenzi nao wanaketi mbele yetu darasani kila siku, na baadhi yao wanajikuna tunapowafundisha.